Mashine ya kujaza kaseti za video, na namna ya kuunga mkanda uliokatika bila kuumiza hedi

Swali: Shikamoo fundi. Mjomba wangu wa hapa Tanga, aliyekuwa na duka la kukodisha kanda za video, alifariki mwaka jana, na katika stoo yake tumekuta katoni ya kaseti za VHS ambazo ndani hazina ule mkanda mweusi. Zina kipande kifupi tu cha mkanda unaopitisha mwanga, kilichoshikana na magurudumu yote mawili, na juu ya katoni pameandikwa V-0. Nimeambiwa kwamba kaseti za namna hii zilikuwa zikijazwa kwa mashine. Naomba unieleze mashine hiyo ilikuwa ikikata na kuunga mkanda vipi bila kuifungua kaseti, na kama kazi hiyo inaweza kuigwa kwa mkono. Ninauliza kwa sababu kaseti ya harusi ya wazazi wangu, ya mwaka 1994, imekatika mkanda katikati, na fundi mmoja amenishauri niiunge kwa selotepu.

Jibu: Marahaba, na poleni kwa msiba. Nianze na lile la haraka: usiiunge kaseti ya wazazi wako kwa selotepu, na usiirudishe kwenye deki kwa namna yoyote mpaka umemaliza kusoma jibu hili. Katoni uliyoikuta kwa mjomba wako ndiyo dawa ya kaseti hiyo, na ukishaelewa jinsi mashine ya kujaza ilivyofanya kazi utaona mwenyewe ni kwa nini.

Kaseti iliyoandikwa V-0 ni ganda kamili lililokwisha kufungwa skrubu zake zote tano, lenye magurudumu, breki, springi na mlango wake, ila limekosa mkanda wa sumaku. Sifuri hiyo inahesabu mkanda, kama vile katika kaseti za redio C-60 ilimaanisha dakika 60 na C-0 ikamaanisha ganda lisilo na kitu. Kipande ulichokiona kikipitisha mwanga ni mkanda angavu, ambao umebanwa mwisho mmoja kwenye kitovu cha gurudumu la kushoto na mwisho wa pili kwenye kitovu cha gurudumu la kulia, ukipita mbele nyuma ya mlango kama kamba iliyotandazwa kati ya miti miwili. Kazi yote ya mashine ni kuikata kamba hiyo katikati na kupachika robo kilometa ya mkanda baina ya vipande vyake.

Hiyo robo kilometa ni hesabu halisi. Katika mfumo wa televisheni wa PAL, ambao ndio uliotumika Tanzania na Kenya, mkanda wa VHS husafiri milimita 23.39 kwa sekunde, kwa hiyo kaseti ya E-180, yaani ya saa tatu, inahitaji karibu mita 253, na watengenezaji waliongeza mita chache za akiba. Mkanda wenyewe una upana wa nusu inchi na unene wa maikrometa 19 hivi, na ule wa saa nne ni mwembamba zaidi. Kiwanda cha kurudufu filamu hakikununua kaseti zilizojaa. Kilinunua maganda matupu kwa makatoni, kikanunua mkanda kando ukiwa umeviringishwa katika mabonge makubwa bapa yasiyo na kingo, ambayo hapa nitayaita majora kwa mfano wa jora la kitambaa, kisha kikajaza kila ganda kwa urefu uliotakiwa na filamu ile na si zaidi. Ndiyo maana kaseti nyingi za filamu zilizouzwa zikiwa zimerekodiwa humalizika mkanda muda mfupi baada ya majina ya waigizaji kupita: kila mita iliyobaki baada ya hapo ingekuwa hasara kwa mwenye kiwanda.

Katika miaka ya 1980 na 1990 nilifanya kazi kwa muda katika karakana moja ya kurudufu kanda huko Nairobi, na mashine ya kujaza ndiyo niliyokabidhiwa. Usoni mwake palikuwa na jora limesimama kwenye ekseli kama gurudumu la baiskeli, chini yake kitako cha kaseti, na kati ya viwili hivyo kipande cha chuma kilichong'arishwa ambacho hakikuwa kikubwa kuliko sanduku la kibiriti. Kipande hicho ndicho moyo wa mashine. Kimechongwa mifereji yenye upana sawasawa na mkanda, na ndani ya mifereji mna matundu madogo sana yanayovuta hewa, hivi kwamba mkanda ukilazwa humo unakaa palepale bila kushikwa na kitu kinachoweza kuukwaruza. Nusu ya kipande imefungwa isitembee, na nusu ya pili inateleza mbele na nyuma kwa kadiri ya mfereji mmoja.

Ganda linapoingia kitakoni, mashine hulitendea kama deki inavyolitendea: hubonyeza kitasa kidogo cha ubavuni, huinua mlango, na huingiza kijiti kwenye tundu la chini ili kuachia breki za magurudumu. Kisha mkono mwembamba unauvuta mkanda angavu nje ukiwa kitanzi na kuulaza ndani ya mfereji, hewa inaushika, na kisu kinashuka mahali zinapokutana zile nusu mbili za chuma. Sasa kuna ncha mbili, moja inatoka gurudumu la kushoto na nyingine la kulia. Nusu inayotembea inateleza, ncha ya kulia inasogezwa kando isubiri, na mbele ya ncha ya kushoto inakuja ncha ya mkanda wa jora, ambayo imekwisha kukatwa na kisu hichohicho, kwa hiyo ncha mbili zinatazamana bila mwanya na bila kupandana. Nyundo ndogo inashuka na kipande cha tepu ya kuungia, inakigandamiza mara moja, na kiungo cha kwanza kimekamilika. Ekseli iliyoingia chini ya kaseti inaanza kuzungusha gurudumu la kushoto, na mkanda unamiminika ndani kwa kasi ambayo jicho linaona mstari mweusi uliosimama tu, usiotikisika.

Utaona kwamba kinachoingia kwanza ni mwisho wa mkanda na kinachoingia mwisho ni mwanzo wake, maana kaseti inapaswa kutoka ikiwa imerudishwa tayari kwa kuchezwa, mkanda wote ukiwa kushoto. Urefu unapimwa na kigurudumu ambacho mkanda unapita juu yake. Kinapokaribia kutimiza hesabu mota inapunguza mwendo, inasimama, kisu kinashuka tena, nusu ya chuma inarudi, na ile ncha ya kulia iliyokuwa ikisubiri inaletwa mbele ya mkato mpya. Nyundo inagonga mara ya pili. Gurudumu linazunguka kidogo kumeza kitanzi kilichobaki nje, mlango unashuka, na kaseti inatupwa kwenye sanduku ikiwa na viungo viwili na haijafunguliwa hata skrubu moja. Kwa kaseti ya saa tatu shughuli hiyo nzima haikutimiza dakika moja.

Kampuni iliyojijengea jina kwa mashine za kujaza maganda yaliyofungwa ilikuwa King Instrument ya Massachusetts nchini Marekani, na washindani wake walikuwa Otari ya Japani na Tapematic ya Italia. Ushindani huo ulifika mahakamani zaidi ya mara moja. Kesi ya King dhidi ya Perego, mwenye Tapematic, iliyoamuliwa na mahakama ya rufaa ya shirikisho ya Marekani mwaka 1995, bado inafundishwa kwa wanasheria wa hataza, yaani haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, kwa kuwa mahakama iliamua kwamba mwenye hataza anaweza kulipwa fidia ya mauzo aliyonyang'anywa hata kama yeye mwenyewe hatengenezi mashine inayotumia uvumbuzi ule, alimradi anauza nyingine inayoshindania wateja walewale. Kwangu mimi hilo linaonyesha jinsi kile kipande cha chuma kidogo kama kibiriti kilivyokuwa na thamani.

Kurekodi kulifanywa kwa njia mbili. Karakana nyingi, na yetu ikiwamo, zilijaza kwanza kaseti tupu kisha zikazipanga kwenye rafu za deki nyingi zilizolishwa na deki moja mama, na filamu ya saa mbili ikachukua saa mbili kamili. Viwanda vikubwa vya ng'ambo viligeuza mpangilio huo: vilirekodi jora zima kwa kasi kubwa, filamu moja ikifuata nyingine, kisha mashine ya kujaza ikawa inasikiliza ishara iliyorekodiwa kati ya filamu na filamu ili ijue pa kukata. Sony walikuwa na mashine iliyoitwa Sprinter, ambayo iligusanisha mkanda mama uliorekodiwa kinyume, kama picha ya kwenye kioo, na mkanda mtupu. Otari nao walitumia mwanga wa leza kuupasha joto mkanda wa kromiamu dioksidi hadi karibu na kiwango ambacho unapoteza usumaku, ili unapopoa ukiwa umegusana na mama ubebe alama zake.

Sasa nije kwenye mambo mawili ambayo yanakuhusu wewe moja kwa moja, yaani mkazo wa kuviringisha na mahali pa kiungo.

Mkanda unaoviringishwa unaanzia kwenye kitovu chenye nusu kipenyo cha milimita 13, na kaseti ya saa tatu ikijaa, nusu kipenyo cha bonge kinafika karibu milimita 41. Mota ikizungusha kwa nguvu ileile mwanzo hadi mwisho, mkazo wa mkanda utapungua hadi chini ya theluthi moja kadiri bonge linavyonenepa, na tabaka za nje zitakaa legelege juu ya tabaka za ndani zilizobana. Siku kaseti hiyo itakaposimamishwa ghafla wakati inarudishwa, tabaka za nje zitateleza juu ya za ndani na mkanda utajikunja mikunjo midogo kama kanga iliyotolewa chini ya mto. Mkazo ukizidi nao unavuta utepe wa plastiki ya polyesta na kuukunja ukingo. Kwa sababu hiyo mashine nzuri iliongeza nguvu ya mota hatua kwa hatua kadiri bonge lilivyokua, na sisi tulipima kazi yake kwa kuitazama kaseti kupitia dirisha lake: uso wa bonge ulipaswa kuwa laini kama sahani, bila tabaka hata moja iliyochomoza. Tazama kaseti ya wazazi wako kwa namna hiyohiyo. Ukiona miduara iliyochomoza, ujue iliviringishwa vibaya na deki iliyochakaa, na pengine hiyo ndiyo sababu ya kukatika.

Jambo la pili ndilo zito. Mkanda angavu haukuwekwa kwa ajili ya kuokoa mkanda wa sumaku. Umewekwa ili deki ione mwisho. Ukiingiza kaseti ya VHS, taa ndogo ya deki huingia kwenye tundu lililoko chini ya ganda na kukaa katikati, nyuma ya mkanda, huku macho mawili yakiitazama kutoka ubavu wa kushoto na wa kulia. Mkanda wa sumaku ni mweusi na unaziba mwanga. Filamu inapomalizika, mkanda angavu unafika mbele ya jicho la kushoto, mwanga unapenya, na deki inasimama. Unaporudisha mkanda hadi mwanzo, kinachoona mwanga ni jicho la kulia. Sasa fuatilia njia ya mkanda: unatoka gurudumu la kushoto, unapita jicho la kushoto, unaizunguka ngoma, yaani silinda inayozunguka iliyobeba hedi, vile vichwa vidogo vinavyosoma picha, unarudi, unapita jicho la kulia na kuingia gurudumu la kulia. Maana yake ni kwamba kiungo cha mwisho wa mkanda kinasimamishwa kabla hakijafika kwenye ngoma, na kiungo cha mwanzo, kikija kwa kurudi nyuma, nacho kinasimamishwa upande wa pili kabla hakijaifikia. Waliobuni VHS waliruhusu viungo viwili ndani ya kaseti, na wakavipangia makazi ambayo hedi haitayakanyaga. Betamax ilifuata mantiki hiyohiyo, isipokuwa ilitumia kipande cha karatasi ya metali badala ya mkanda angavu.

Kiungo cha katikati ya mkanda hakina kinga hiyo. Hebu tuhesabu kitakachotokea ukikubali ushauri wa selotepu. Ngoma ya VHS ina kipenyo cha milimita 62 na mkanda unaikumbatia nusu ya mzingo wake, yaani takriban milimita 97. Kwa mwendo wa milimita 23.39 kwa sekunde, kiungo kitachukua zaidi ya sekunde nne kuvuka eneo hilo. Katika PAL ngoma inazunguka mara 25 kila sekunde ikiwa na hedi mbili za picha, na kila hedi inapopita inafagia nusu nzima ya mzingo, kwa hiyo inakipiga kiungo popote kilipo. Hayo ni mapigo zaidi ya 200 katika mpito mmoja, kwa mwendo wa karibu mita 4.9 kwa sekunde, dhidi ya ncha ya hedi iliyochomoza kwa kiasi ambacho kidole hakihisi na yenye upenyo mwembamba kuliko maikrometa moja. Kama gundi imevuja, na gundi ya selotepu huvuja katika joto la Tanga, hedi inapakaa gundi hiyo na kuisambaza kwenye mkanda wote unaofuata. Kama ncha zimepandana, hedi inajikwaa. Niliwahi kuletewa deki ambayo mwenyewe alilalamika kwamba imekuwa "kipofu" baada ya kucheza kaseti iliyoungwa mtaani. Nilipoifungua nikakuta hedi moja imevunjika ncha, na nyingine imezibwa na utando wa njano. Zamani tungeagiza ngoma mpya. Leo haziagiziki kwa urahisi, maana Funai ya Japani, kiwanda cha mwisho kinachojulikana kutengeneza deki za VHS, ilisimamisha uzalishaji mwaka 2016, na hedi nzima iliyobaki ni akiba ya watu wote wenye kanda za kuokoa.

Kwa hiyo usiunge kipande kwa kipande. Fanya kaseti mbili. Hii ndiyo njia ninayoitumia kwa kanda ambazo haziwezi kurudiwa kurekodiwa, na inahitaji ganda moja tu kati ya yale ya mjomba wako.

Fikiria hali ilivyo sasa. Mkanda ulipokatika, sehemu ya kwanza ya harusi ilikuwa tayari imehamia gurudumu la kulia, na sehemu iliyobaki ipo gurudumu la kushoto. Sehemu ya kwanza bado imeungwa vizuri na mkanda angavu wa kiwandani kwenye kitovu chake. Inachokosa ni mkanda angavu wa kuifunga mwisho wake. Sehemu ya pili nayo bado imeungwa kwenye kitovu cha kushoto. Inachokosa ni mkanda angavu wa mwanzo. Ganda moja la V-0 lina kamba moja ambayo ukiikata katikati unapata vipande viwili, kimoja kikiwa kwenye gurudumu la kushoto na kingine kwenye la kulia. Ndivyo viwili unavyovihitaji. Gurudumu la kulia la V-0, pamoja na kipande chake, unalihamishia katika ganda la zamani likae kulia, na unaliunga na mwanzo wa sehemu ya pili. Gurudumu la kulia la ganda la zamani, lenye sehemu ya kwanza ya harusi, unalihamishia katika ganda la V-0, na mwisho wake unauunga na kipande kilichobaki kwenye gurudumu la kushoto la V-0. Utakuwa umetengeneza kaseti mbili kamili, kila moja na kiungo kimoja kipya kilichokaa pale deki inapokitarajia. Kabla ya yote pima vitovu: maganda yaliyokusudiwa filamu fupi huwa na vitovu vinene, na kama vitovu vya V-0 ni vinene kuliko vya kaseti ya harusi, tafuta ganda lingine, la sivyo mkanda utakapohamia huko utalijaza gurudumu kupita nafasi yake.

Ufunguaji hautaki nguvu. Geuza kaseti kichwa chini, legeza skrubu tano, uigeuze tena huku umeishika pande zote mbili, kisha inua kifuniko wima. Piga picha kwa simu kabla hujagusa kitu, hasa njia ambayo mkanda unapita kwenye vijiti na virola vya pembeni na jinsi springi ndogo za breki zilivyokaa, kwa sababu springi ikiruka utakuwa unaitafuta sakafuni usiku kucha. Vaa glovu za pamba. Mafuta ya vidole hukusanya vumbi, na vumbi ndilo linalochora mistari myeupe kwenye picha.

Kata sehemu iliyokunjamana tu, kwa wembe mpya, kwa mkato mnyoofu wa pembe mraba. Usione uchungu: kila sentimita ya mkanda wa PAL ni chini ya nusu sekunde, na sentimita mbili za mkanda uliochanika zikibaki zinaweza kukuponza kuliko hiyo sekunde moja utakayoipoteza. Laza ncha ya mkanda na ncha ya mkanda angavu kwenye rula ya chuma isiyo na sumaku, zigusane bila kupandana. Upande wa sumaku ni ule unaotazama nje, kuelekea mlango wa kaseti, na huo ndio unaosomwa na hedi. Tepu ya kuungia inakaa upande wa pili, unaotazama ndani ya ganda. Hili usilikosee, maana tepu ikikaa upande wa nje umeiweka gundi upande ule unaopita kwenye vyuma na ngoma ya deki.

Tepu yenyewe iwe ile iliyotengenezwa kwa kuungia kanda za sumaku, ambayo bado inauzwa mtandaoni kwa sababu wapenzi wa kanda za muziki wanaitumia. Gundi yake haihami. Kipande chake kiwe chembamba kidogo kuliko mkanda, ili kisichungulie nje ya kingo. Nasisitiza hili kwa sababu nimeliona gharama yake: siku moja mashine yetu ililegea mahali panapopangia tepu, ikawa inagonga vipande vilivyochomoza ukingoni kwa upana ambao hungeweza kuuona bila lenzi, na tukajaza shehena nzima kabla hatujagundua. Baada ya wiki chache kaseti zilianza kurudi. Gundi ya ukingoni ilikuwa imegandisha kiungo kwenye tabaka ya juu yake, na deki ilipovuta, mkanda ulitoka na ngozi ya sumaku ya tabaka iliyofuata. Gandamiza kwa ukingo wa plastiki laini, si kwa ukucha, na ukivuta taratibu kiungo kisitoe sauti wala kuonyesha mwanya wenye mwanga.

Kabla ya kurudisha kifuniko, zungusha magurudumu kwa kidole kuondoa ulegevu, na utazame kingo za bonge chini ya taa. Mkanda uliokaa miaka 30 katika hewa ya pwani mara nyingi huota kuvu, unaoonekana kama unga mweupe au nyuzi za buibui. Ukiuona, simama hapo na umtafute mtu mwenye vifaa vya kusafisha kanda, kwa kuwa kuvu huhamia kwenye deki na kutoka hapo kwenda kaseti nyingine. Kama ni safi, kopi kila kaseti moja kwa moja kwenye kompyuta mara ya kwanza unapoicheza, bila kuirudisha kwanza mwanzo kwa kasi. Sehemu ya pili itakuwa tayari iko mwanzo. Sehemu ya kwanza itabidi irudishwe, na hiyo irudishe kwa mkono, kwa kuzungusha kitovu cha kushoto polepole huku umeziachia breki kwa kijiti kupitia tundu la chini. Ni kazi ya nusu saa au zaidi, lakini inaupa mkanda mkazo mwepesi ulio sawa, na utauhisi kwenye kidole iwapo kuna mahali unakwama.

Uliuliza pia kama kazi ya mashine inaweza kuigwa kwa mkono. Kwa kiungo kimoja au viwili, ndiyo, na ndivyo utakavyofanya. Kwa kujaza kaseti nzima kutoka kwenye jora, hapana. Mkono hauwezi kuweka mkazo ulio sawa kwa mita 250, na usimpe mtu pesa ya kukutafutia mashine ya zamani, kwa sababu haitakuwa na mkanda wa kula. Maganda yaliyobaki yatunze mahali pakavu. Vipuri vyake, yaani virola, springi, milango na hasa ule mkanda angavu, vitaokoa kaseti nyingi za watu wa Tanga.

Mwisho ni ganda la V-0 utakalolitumia. Upande wa mgongo wake, pembeni kushoto, kuna kijilimi kidogo cha plastiki ambacho kikiwa kizima kinairuhusu deki irekodi juu ya kaseti hiyo, na kwa kuwa ganda ni jipya, huenda chake hakijavunjwa. Kivunje kwa bisibisi kabla sehemu ya kwanza ya harusi haijaingia kwenye deki yoyote, na uandike juu ya kila ganda kwa kalamu ya wino usiofutika ni sehemu ya ngapi.